Pointi za bonasi katika kriketi ya kaunti: maana yake na zinavyohesabiwa

Mtu aliyezoea ligi ya mpira wa miguu akifungua msimamo wa Ubingwa wa Kaunti, ligi ya kriketi ya siku nne huko Uingereza, lazima ashangae. Timu mbili zimeshinda wiki hiyohiyo, lakini moja imevuna pointi 22 na nyingine 19. Hata iliyofungwa haikuondoka mikono mitupu, ina 4. Hesabu haijakosewa. Tofauti hiyo inaletwa na pointi za bonasi, na ukizielewa hizo utaelewa kwa nini watu wanakaa siku nne uwanjani kufuatilia mechi ambayo huenda isipate mshindi.

Ligi hii ina kaunti 18: 10 daraja la kwanza, 8 daraja la pili. Kila siku ya mechi imepangiwa mizunguko 96, ile tunayoiita ova, na kila ova ni mipira sita inayorushwa kwa mpigaji. Kila timu hupata zamu mbili za kupiga. Kuwa na mikimbio mingi, yaani alama wanazokusanya wapigaji, peke yake hakukupi ushindi. Ni lazima mchezo ufike mwisho wake: ama umewatoa wapigaji wa mpinzani katika zamu yake ya mwisho, ama umeipita jumla yake. Muda ukiisha kabla ya hapo, matokeo ni sare, hata kama timu moja iko mbele kwa mikimbio 300. Kwa hiyo usiifikirie sare hii kama ya mpira wa miguu, ambako mabao yamelingana. Hapa sare maana yake ni kwamba kazi haikumalizika, na mara nyingi mvua ndiyo iliyoikatiza.

Ushindi una pointi 16. Sare ilikuwa na 5, ikapandishwa kuwa 8 mwaka 2024. Kufungwa ni sifuri. Juu ya hizo ndipo zinapoongezwa za bonasi, ambazo hutafutwa katika zamu ya kwanza ya kila timu, tena ndani ya ova 110 za mwanzo tu. Wapigaji wakifikisha mikimbio 250 wanapata pointi moja, 300 mbili, 350 tatu, 400 nne, na 450 tano. Warushaji nao wanalipwa kwa wiketi, yaani kila mpigaji wanayemtoa: tatu zinaleta pointi moja, sita mbili, tisa tatu. Mechi ikikunyookea kabisa unaondoka na pointi 24.

Utamu wa kanuni hii unauona ova ya 110 inapokaribia. Chukua timu iliyo kwenye mikimbio 340, wapigaji wanane wameshatolewa, na imebaki mipira 12. Wapigaji wanataka mikimbio 10 ili wapate pointi ya tatu. Warushaji wanataka wiketi moja tu ili nao wapate yao ya tatu. Mpigaji aliyekuwa akijilinda tangu asubuhi sasa anaanza kufyatua, na kwa kufyatua huko mpira wake unaweza kudakwa, akatolewa. Pande zote mbili zina cha kupata na cha kupoteza katika mpira uleule, na hiyo ni siku ya pili tu ya mechi. Mpira wa kwanza wa ova ya 111 ukirushwa, mlango wa bonasi umefungwa. Mikimbio inaendelea kuhesabika kwenye mechi, ila haileti pointi tena.

Bonasi zilianzishwa mwaka 1968, enzi ambazo mechi za kaunti zilikuwa za siku tatu, na shabaha ilikuwa kuwatoa wachezaji katika kujihami. Tangu hapo viwango vimebadilishwa mara kadhaa. Hadi 2022, kwa mfano, pointi ya kwanza ya kupiga ilipatikana kwa mikimbio 200. Mimi naona kuipandisha hadi 250 kulifaa, lakini bado warushaji wanapunjwa: kwa nini kazi yao iishie pointi tatu na ya wapigaji ifike tano, wakati hakuna anayeshinda mechi ya siku nne bila warushaji wazuri?

Mashindano mengine ya kaunti, ya ova 20 na ya ova 50, hayana habari hii, kwa sababu mechi huanza na kumalizika siku hiyohiyo.

Atakayesema pointi moja ni kitu kidogo, nitampeleka uwanja wa Lord's, London, Septemba 2016. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu kati ya kaunti za Middlesex na Yorkshire. Somerset ilikuwa imeshamaliza mechi zake na inaongoza msimamo, wachezaji wake wako nyumbani kwao Taunton wakitazama televisheni. Lord's ikiisha kwa sare, Somerset ni bingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Yorkshire, ili ibaki kwenye mbio, ilihitaji kwanza kufikisha mikimbio 350, ambayo kwa viwango vya wakati ule ilikuwa pointi ya nne. Mpigaji wake Tim Bresnan aliivusha, akabaki na mikimbio yake 142 bila kutolewa.

Siku ya mwisho, manahodha wote wawili wakijua kwamba sare haimfai yeyote kati yao, walikubaliana. Yorkshire wakarusha mipira rahisi makusudi, Middlesex wakajikusanyia mikimbio haraka kisha wakafunga zamu yao kabla wapigaji wao wote hawajatolewa, na Yorkshire wakaachiwa mikimbio 240 ya kutafuta katika ova 40. Wapo waliolalamika. Mimi silaumu, maana kanuni inaruhusu nahodha kufunga zamu anapotaka, na wote wawili walikuwa wakihatarisha kila walichonacho. Yorkshire walitolewa kwa 178. Mrushaji wa Middlesex, Toby Roland-Jones, alimaliza kazi kwa kuangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, na Middlesex wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Kule Taunton televisheni ikazimwa. Hadi msimu wa 2025 unamalizika, Somerset walikuwa bado hawajautwaa ubingwa huo.