Nyigu sio nyuki, na hana mzinga

Jumapili jirani yangu huku Ntyuka, Dodoma, kanigongea geti anaazima ngazi, mkononi kashika kopo la mafuta ya taa na fagio kalizungushia matambara, ananiambia kaka nna mzinga wa nyuki kwenye kenchi, leo nauchoma. Nikaenda kuangalia. Nyuki hakuna hata mmoja! Kuna manyigu kama kumi na mbili wamekaa kwenye kiota cha ukubwa wa kiganja, wametulia zao. Na hii sio mara ya kwanza wala ya tatu nasikia nyigu wanaitwa nyuki, so acha niandike.

Nyigu ni mdudu wa kuruka mwenye kiuno chembamba na mwiba, mwili hauna manyoya mengi kama wa nyuki, na hatengenezi asali ya kulina. Basi, maana ndo hiyo. Kuna wanaosema mavu, kuna wanaosema dondola, nyumbani kwetu dondola lilikua lile likubwa, sigombani na mtu hapo.

Ninapogombana ni kwenye nyuki, maana Kiswahili chenyewe kilishamaliza hii kesi zamani. Tunasema kiuno cha nyigu. Umewahi kusikia dada wa watu anasifiwa ana kiuno cha nyuki? Nyuki ni kibonge, kiuno chake hukioni. Na hawa wakubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea ambao wataalamu wanawaita Belonogaster, kiuno chao ni kama njiti kabisa, wakiruka miguu inaning'inia nyuma, wakitua wanakunja mbawa kwa urefu zinakua nyembamba. Mtu akishaona hiyo miguu hawezi tena kuchanganya.

Halafu huo mzinga. Jamani. Mzinga ni gogo lililotobolewa, mtu kalitundika kwenye mti anasubiri nyuki wahamie, siku hizi kuna na ya mbao ya kisasa. Ule wa jeshini umbo ni lile lile, na ule wa pombe kali pia (huo unakuaga mtupu kabisa ikifika Jumapili asubuhi). Nyigu hajawahi kuwekewa gogo na mtu. Nyigu kama hawa ana kiota, anakianza na kikonyo kimoja chembamba kimeshika mbao, chini yake vyumba vya pembe sita vinaangalia chini, wazi, bila ganda la nje. Kwenye kikonyo anapaka kitu kinachofukuza sisimizi ili wasipande kula watoto. Nyuki anajenga kwa nta inayotoka mwilini mwake. Nyigu anajenga kwa karatasi, na sitanii, nguzo ya geti langu ni mbao ya zamani imeshapauka, asubuhi kukiwa kimya unamsikia anaikwangua, krr krr, anarudi nyuma taratibu, akiondoka unaona kimstari cheupe pale alipokwangua. Anachanganya na mate, anaenda kubandika. Kile kiota cha kijivu kwa jirani, nahisi nusu yake ni geti langu.

Sasa jirani kauliza, kama asali hamna wana kazi gani? Nikampeleka kwenye chainizi zangu. Tumekaa pale kidogo tu, nyigu katua kwenye jani, kachungulia chini yake, kamtoa kiwavi wa kijani, kamtafuna palepale mpaka kawa kidonge, kaondoka nacho. Nyama hiyo ni ya watoto, mkubwa mwenyewe anakunywa vitu vitamu, ndo maana wenye zabibu wanamuona kwenye vichala vilivyoiva wanamchukia, na hapo siwalaumu. Ila kwenye mchicha, kabichi na nyanya anakusaidia kazi bila kumlipa. Asikudanganye mtu kwamba anamaliza viwavi vyote, vile viwavijeshi vinavyojificha ndani ya moyo wa mhindi hata yeye vinamshinda.

Kuuma anauma, tena mwiba wake haubaki kwenye ngozi kama wa nyuki so anaweza kurudia, na mwenye mzio asichezee hata kidogo. Kiota kikiwa juu ya mlango hata mimi nakitoa. Hiki cha jirani kiko upande wa nyuma, hakuna anayepita, na moto wa mafuta ya taa chini ya siling bodi ungeondoka na nyumba kabla ya nyigu. Akakubali, kopo akarudi nalo, ngazi akaondoka nayo anabadilisha balbu.

Jana mwanae kairudisha.

"Shikamoo baba mdogo. Baba kasema asante, na wale nyuki bado wapo."

"Marahaba. Mwambie baba ni nyigu."