Mdakaji wa besiboli na nguvu za mkono

Wengi huamini kwamba mdakaji wa besiboli, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, humnasa mwizi wa beisi ya pili (mkimbiaji anayechomoka kuelekea kituo hicho mpira unaporushwa kwa mpigaji) kwa nguvu za mkono tu. Mkono una kazi yake kweli, maana mpira husafiri karibu mita 39. Lakini katika ligi kuu ya Marekani, tangu mpira ugonge glavu hadi ufike beisi ya pili ni takriban sekunde 2, na sehemu ya muda huo huliwa kabla mpira haujaruka: kuuchomoa kwenye glavu, kuushika vizuri, kupanga miguu. Hapo ndipo mazoezi hulipa zaidi, nionavyo mimi. Warekodi wadakaji wawili kwa simu, cheza video polepole, kisha pima tangu mpira uguse glavu hadi uachie vidole.