Weusi wa bastola kuukuu hutokana na kutu
Bastola kongwe ikiletwa karakana, mwenyewe huwa na ombi moja: irudi nyeusi kama mpya. Mimi kwanza natoa magazini, navuta slaidi nyuma, naangalia chemba, pale risasi inapokaa, kisha naipapasa kwa kidole, hata nikiapiwa kwamba silaha imelala kabatini tangu enzi za babu. Baada ya hapo natafuta rangi ya kiwandani. Ikiwepo, hata kama imebaki kwenye vipembe vya ndani tu, namshauri mteja tuipake mafuta tuzuie kutu mpya, basi. Kwa wakusanyaji, bastola ya Kimarekani ya Colt M1911 ya miaka ya mwanzo yenye rangi yake halisi iliyochakaa huishinda kwa bei ile iliyopakwa upya ikang'aa.

Rangi ikiwa imekwisha kabisa, kazi kubwa ni msasa. Gurudumu la kung'arishia lina haraka mno: hulainisha kingo zilizopaswa kuwa kali, hutanua midomo ya matundu ya skrubu na kufifisha maandishi. Naufunga msasa kwenye ubao bapa, nasugua kuelekea upande mmoja, namba 220, kisha 320, naishia 400. Nikilainisha zaidi ya hapo, kutu hushika kwa shida, na kutu ndiyo ninayoitaka. Namba ya silaha siigusi. Nchi nyingi huhesabu kuifuta kuwa jinai.

Kisha naondoa mafuta yote, maana hata alama ya kidole itajionyesha. Napaka tindikali hafifu na kutundika chuma kwenye sanduku lenye joto na unyevu kwa saa kadhaa, mpaka kiote unga laini wa kutu nyekundu. Nakichemsha kwenye maji yaliyokenekwa, na hapo kutu ile, Fe2O3, hugeuka Fe3O4, nyeusi na iliyoshikamana na chuma. Nasugua unga uliolegea kwa brashi ya waya mwembamba usio na mafuta, naanza tena. Mzunguko wa kwanza hutoa kijivu chenye mabaka; mteja akikiona wakati huo atadhani nimemharibia mali. Weusi hukolea mzunguko baada ya mzunguko.

Iko njia ya mkato, kutumbukiza chuma kwenye chumvi kali zinazochemka kwa nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Kwa bastola nyingi inafaa. Kwa bunduki ya mitutu pacha iliyoungwa kwa lehemu laini haifai hata kidogo: magadi makali yaliyomo hula lehemu, na mitutu ikaachana.

Mwishoni nasuuza kwa maji yenye magadi soda, hasa kwenye nyuzi za skrubu ambako tindikali hujificha, kisha nalaza vipande kwenye mafuta hadi kesho yake. Skrubu nazirudisha kwa bisibisi niliyoinoa ncha iwe na pande sambamba. Ile yenye ncha ya kabari huchana mfereji wa kichwa cha skrubu.