Kiwavi kaondoka, sumu ingali mtini

Watu humkwepa kiwavi wakimwona anatambaa, kisha wakasahau kiota chake. Kwa viwavi wa msururu, wale wa Ulaya wanaofuatana mmoja nyuma ya mwingine kwenye mialoni na misonobari, kosa hilo ni kubwa. Kiwavi akishageuka nondo, yule kipepeo wa usiku, na kuruka zake, kiota kilichogandamana na shina la mwaloni, nyuzi zake zimegeuka rangi ya kahawia, hubaki kimejaa vinyweleo vyenye uwezo wa kuwasha kwa miaka kadhaa.

Zile nywele ndefu nyeupe unazoziona si tatizo. Zinazodhuru ni fupi mno, kati ya sehemu moja na tatu za kumi za milimita. Kwa macho huzioni. Zina vimiiba, na ndani yake mna protini ya sumu iitwayo thaumetopoeini. Kiwavi huziota akifikia hatua ya tatu ya kukua, na akibughudhiwa huzipukutisha. Upepo huzichukua, ndiyo maana mtu aliyepumzika tu chini ya mti huweza kuamkia vipele shingoni na mikononi, au koo kumkereketa. Mwenye pumu hubanwa kifua. Mbwa ndiye huumia zaidi, kwa kuwa yeye hulamba: ulimi huvimba, pengine ukaoza sehemu. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo papo hapo.

Vinyweleo vikikupata, usijikune. Bandika selotepu juu ya ngozi, ibandue, rudia kwa kipande kipya, kisha jimwagie maji yanayotiririka. Nguo zivuliwe na kufuliwa kwa maji ya moto. Jicho lisifikichwe hata kidogo. Lioshe kwa maji mengi, na likiendelea kuuma nenda hospitali siku hiyohiyo, maana kinyweleo huweza kuchoma mboni na kuzama ndani.

Wapo wanaokimbilia kiberiti. Tafadhali, acheni! Moto huvirusha vinyweleo hewani, na mpira wa maji hufanya vivyo hivyo. London, ambako viwavi wa mialoni waligunduliwa mwaka 2006, viota huondolewa na mafundi waliovaa mavazi kamili ya kinga na barakoa. Dawa ya bakteria *Bacillus thuringiensis* hufaa viwavi wakiwa wachanga tu, tena haiondoi viota.

Ukikiona kiota, hata kilichoanguka majanini, kipige picha ukiwa mbali na uwaarifu wanaosimamia miti ya eneo hilo. Watoto na mbwa wasipitishwe hapo hadi kiondolewe.