Edwin Armstrong, mtu aliyeondoa mikwaruzo redioni

Ukizungusha redio yako kwenye FM, kati ya 88 na 108, kutafuta stesheni, hiyo ni kazi ya Edwin Howard Armstrong, Mmarekani wa New York aliyezaliwa 1890, na sisi tunaofundisha mambo ya masafa inatuuma sana kuona watu wanamjua Marconi tu, yule Mwitaliano mwanzilishi wa redio, basi.

1912 bado mwanafunzi wa chuo cha Columbia, akabuni sakiti, yaani mpangilio wa njia za umeme, ya kurudisha mawimbi hafifu kwenye valvu (ile taa ya kioo ya kukuza umeme) tena na tena mpaka yapate nguvu ya kusikika. 1918 akiwa jeshini Paris akaja na superhetarodaini, yaani kuyageuza mawimbi ya stesheni yoyote yawe ya masafa mamoja ndani ya redio ili iwe rahisi kuyakuza, na huo mfumo redio nyingi zinautumia mpaka leo.

Lakini kazi yake kubwa ni FM. Kwenye AM, mfumo uliotangulia, sauti inabebwa kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi, sasa radi ikipiga nayo inachezea nguvu hiyohiyo, redio haiwezi kujua huyu ni mtangazaji na hii ni radi, inakutolea vyote kwa pamoja, aliyesikiliza AM wakati wa masika anaelewa nasema nini. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wanabana upana wa masafa, yaani nafasi ambayo stesheni inachukua, ili kelele zipite kidogo, na 1922 John Carson wa kampuni ya simu ya AT&T alionyesha kwa hesabu kwamba FM ya kubana hivyo haisaidii kitu. Armstrong akafanya kinyume, akaipanua! Nguvu ya wimbi akaiacha palepale, kinachobadilika ni kasi ya mtetemo wake, halafu ndani ya redio akaweka sehemu ya kukata nguvu yoyote inayozidi, kwa hiyo mikwaruzo mingi ya radi inaishia hapo.

Hataza za FM, yaani haki za kisheria za mvumbuzi, alizipata Desemba 1933. Novemba 1935 akawakusanya wahandisi New York akawasikilizisha matangazo kutoka Yonkers, maji yanamiminwa kwenye glasi, karatasi inachanwa, na kila kitu kinasikika kama kiko humohumo ukumbini.

Baada ya hapo ni mateso matupu. 1945 serikali ya Marekani ikaihamisha FM kutoka megahezi 42 mpaka 50 ikaipeleka huku juu tuliko sasa, 88 mpaka 108, na redio ambazo watu walishanunua zikawa hazina kazi. Kampuni ya redio na televisheni ya RCA, iliyoongozwa na rafiki yake wa zamani David Sarnoff, ilitumia FM kwenye sauti ya televisheni bila kumlipa anachodai, akaishtaki 1948, kesi ikaburutwa miaka mpaka hela zikamwishia, na 1954 akajitoa uhai akiwa na miaka 63.

Mkewe Marion, ambaye zamani alikuwa sekretari wa Sarnoff huyohuyo, hakuziacha kesi za kudai malipo ya FM, ile ya RCA na za kampuni nyingine. RCA walilipa kama dola milioni moja, kampuni nyingine zikafuata mojamoja, na ya mwisho, Motorola, aliishinda 1967.