Je, Wajua Maji ya Dripu Hugusa Kinga ya Mwili?

Hapa Kisumu mtu akilazwa, jamaa huuliza kwanza: "Amewekewa maji?" Wakisikia dripu imetundikwa, mioyo inatulia. Nami kwa miaka mingi niliamini kwamba maji yale hujaza tu palipopungua, na kwamba kinga ya mwili ama haiguswi, ama hupata nguvu. Yote mawili si kweli. Dripu ya kawaida haina chochote cha kulisha kinga, na wala si maji matupu. Lita moja ya salaini, yaani dripu ya maji ya chumvi, ina gramu 9 za chumvi. Kloridi yake, sehemu mojawapo ya chumvi hiyo, ni milimoli 154 (kipimo cha wingi wa kemikali) kwa lita, ilhali ya damu ni kama 100. Ikimiminwa nyingi, damu huelekea kwenye asidi, na asidi hiyo, katika maabara, hubadilisha ishara za kemikali ambazo seli nyeupe za damu, askari wa kinga, huitana kwazo.

La ajabu zaidi liko ukutani mwa mshipa. Fikiria ufuo wa Dunga: mafunjo yakisimama wima, mtumbwi haufiki ukingoni. Ndani ya mishipa pia umeota utando wa sukari na protini, laini kama mafunjo, na seli nyeupe hupita kando yake bila kunasa. Maji mengi yakiingia kwa kasi, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoweza kung'oa utando huo. Ukuta ukibaki wazi, seli nyeupe hunasa, huamka kupigana, na maji huvujia nje ya mshipa. Maambukizi makali nayo huyalaza mafunjo hayo hata kabla ya dripu. Ushahidi mwingi wa hili, lakini, umetoka kwa wanyama na wagonjwa wa upasuaji.

Mwaka 2011 ulitolewa utafiti uitwao FEAST, wa kupima dripu ya haraka kwa watoto, uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda, ukiwemo mji wa Mbale, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri walifuatiliwa. Katika saa 48, walifariki takriban 10.6% ya waliomiminiwa maji kwa haraka, na 7.3% ya wasiomiminiwa hivyo. Kinga peke yake haielezi tofauti hiyo. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza zaidi kwenye kuzorota kwa moyo na mzunguko wa damu.

Watoto wa kuharisha hawakuingizwa humo. Aliyekaushwa na kipindupindu anahitaji dripu, tena upesi, na kwake huchaguliwa dripu nyingine iitwayo Ringa, yenye kloridi kama 109, iliyo karibu zaidi na damu yake.