Profesa anaposema hadharani, anasema kama nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi Sinza, na kabla mweka hazina hajamaliza kusoma orodha ya ahadi, mazungumzo ya pembeni yalikwishahamia kwa mhadhiri mmoja aliyetoa maneno makali redioni wiki ile. Shemeji yangu, mhasibu kwa kazi na mtu mwenye heshima zake, aliufunga ubishi kwa sentensi moja: "Yule ni profesa bwana, ana uhuru wa kitaaluma, hakuna wa kumgusa." Nilinyamaza, kwa kuwa nilialikwa kuchangia harusi na si kutoa ushauri wa kisheria. Hata hivyo sentensi hiyo nimekwishaisikia mara nyingi mno: kwa waandishi wa habari, kwa wanafunzi wa sheria ambao hawana udhuru, na, jambo linaloniumiza zaidi, kwa wahadhiri wenyewe wanapoingia ofisini kwangu na barua ya kutakiwa kujieleza mkononi. Katika miaka yote ya kusimamia mashauri ya ajira, sijapata kuona barua hiyo ikifutwa kwa sababu tu aliyeandikiwa ni profesa.

Nianze na Katiba, nami nitapita haraka. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ni kila mtu, akiwamo fundi cherehani wa Kariakoo ambaye hajawahi kukanyaga Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzetu wa Afrika Kusini katika Katiba yao ya 1996, na wa Kenya katika Katiba yao ya 2010, waliutaja uhuru wa kitaaluma kwa jina lake. Katiba yetu ya 1977 haikuutaja. Kwa hiyo anayesema kwamba Katiba imempa profesa uhuru wa ziada anasoma Katiba ya jirani. Ibara ya 30 nayo inaruhusu haki hizo kuwekewa mipaka kwa sheria, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la 1993, ilieleza kwamba sheria inayobana haki isitoe mwanya wa maamuzi ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka, na isibane zaidi ya kinachohitajika ili kufikia lengo lake halali. Kipimo hicho ni kizuri, na ningependa kinukuliwe mara nyingi kama inavyonukuliwa Ibara ya 18.

Kashfa sitaieleza kwa kirefu. Ukimwita mtu mwizi hadharani na huwezi kuthibitisha, shahada ya uzamivu haikusaidii. Huenda ikakudhuru, kwa kuwa wasikilizaji walikuamini zaidi. Kuhusu mitandao, asomaye asome kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachokataza kusambaza taarifa za uongo, kabla ya kubonyeza, maana adhabu yake haiulizi cheo.

Sheria iliyowagusa wasomi kwa namna ya pekee ilikuwa ya takwimu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye lengo la kubatilisha, kupotosha au kutilia shaka takwimu rasmi. Fikiria mchumi ambaye kazi yake yote ni kuuliza kama takwimu rasmi zimekaa sawasawa. Benki ya Dunia ilionyesha wasiwasi wake waziwazi, na mwaka 2019 kifungu hicho kiliondolewa. Ninakikumbusha kwa sababu mwaka ule baadhi ya watu walionihakikishia kwamba profesa haguswi walikuwa wameacha kuchapisha, wakisubiri upepo ugeuke.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera, na hapa sitaharakisha.

Uhuru wa kitaaluma ulizaliwa ukiwa mpango wa kuamua nani anayefaa kumhukumu mwanazuoni, wala haukukusudiwa kuwa ruhusa ya kusema lolote. Mapatano yake ni haya: mwanasiasa, mfadhili na mwenye chuo wasimhukumu mtafiti kwa matokeo ya utafiti wake, kwa kuwa hawana ujuzi wa kufanya hivyo, badala yake ahukumiwe na wale wanaoijua fani hiyo, wanaoweza kukagua data zake na kumwambia amekosea. Jamaa wengi hushika nusu ya kwanza ya mapatano hayo na kuitupa ya pili. Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990, lililopitishwa na jumuiya za wanataaluma wa taasisi zetu za elimu ya juu, lilitaja mambo mawili katika jina lake, yaani uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Nimehudhuria makongamano ambamo azimio hilo lilitajwa kuanzia asubuhi hadi chai ya jioni bila neno wajibu kutamkwa hata mara moja. Wajerumani, ambao ndio walioikuza dhana yenyewe, waliandika katika Sheria yao ya Msingi ya 1949, ambayo ndiyo katiba yao, kwamba utafiti na ufundishaji ni huru, na papo hapo wakaongeza kwamba uhuru wa kufundisha haumwondolei mtu utii kwa katiba.

Matokeo ya mapatano hayo ni kinyume kabisa cha anachoamini shemeji yangu. Chukua maprofesa wawili, mmoja wa famasia na mwingine wa fasihi, ambao kila mmoja kwa wakati wake anasimama mbele ya kamera na kudai kwamba dawa fulani ya malaria inaua watu. Yule wa fasihi amesema kama raia; amekosea kama raia, na chuo hakina sababu ya kumpima ubora wake wa kazi kwa kauli hiyo, kwa kuwa hakuajiriwa kujua dawa. Yule wa famasia ndiye mwenye kazi. Ikiwa anayo data, mapatano yanamlinda hata kama waziri amekasirika na kiwanda kimetishia kuondoa ufadhili. Ikiwa hana data, wenzake wana haki ya kumuuliza kama bado anafaa kusimama mbele ya wanafunzi wa famasia, na hawezi kuwajibu kwamba ana uhuru wa kutoa maoni. Ndani ya fani yake profesa analindwa zaidi dhidi ya wenye mamlaka, lakini anabanwa zaidi na wenzake. Nje ya fani yake anarudi kuwa sawa na fundi wetu wa Kariakoo, bila kinga ya ziada na bila mzigo wa ziada.

Nikiri kwamba mpaka huo hauonekani vizuri kama mfano wangu unavyoufanya uonekane. Mwaka 2023, nchi ilipokuwa ikijadili mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, nani aliyekuwa ndani ya fani yake? Mwanasheria aliyesema juu ya mapato? Mchumi aliyesema juu ya mamlaka ya nchi? Jambo lolote linalostahili kubishaniwa na taifa zima haliwezi kukaa ndani ya idara moja. Nimejaribu kutunga kipimo cha kutenganisha kauli ya mtaalamu na kauli ya raia, na kila nilichokitunga kimevunjwa na mteja aliyefuata. Wanaosema jawabu ni kutanguliza maneno "haya ni maoni yangu binafsi" wananichekesha kidogo. Maneno hayo yanasaidia kuonyesha kwamba chuo hakijazungumza, basi. Ukialikwa studio kwa sababu wewe ni profesa, ukatambulishwa kwa cheo hicho na jina la chuo likaandikwa chini ya uso wako, msikilizaji amekwisha kukusikia kama profesa kabla hujafika kwenye ubinafsi wako.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kila anayepingwa ananyamazishwa. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikutana na hali zote mbili. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ilimzuia kuingia nchini humo aliporejea kutoka kwenye mkutano Canada, ingawa alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu huko, hapo alinyamazishwa. Akaja kufundisha hapa Dar es Salaam, na Desemba 1969, baada ya kutoa hotuba kali kwenye semina ya vijana, gazeti la chama tawala, The Nationalist, likamshambulia kwa tahariri isiyo na huruma. Rodney alijibu kwa maandishi, akaendelea kufundisha Mlimani hadi 1974. Kukemewa na gazeti la chama si jambo dogo kwa mgeni mwenye mkataba, lakini ni kujibiwa, na anayesema hadharani hana haki ya kudai asijibiwe. Nisije nikaonekana ninaipamba enzi ile: kabla mwaka haujapita tangu tahariri hiyo, Novemba 1970, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Mlimani, USARF, na jarida lake la Cheche vilipigwa marufuku.

Vyuo navyo vina ujanja wao, nami nimeuona kwa karibu. Chuo chenye washauri wazuri hakimwandikii mhadhiri barua isemayo "umesema maneno tusiyoyapenda". Kinamwandikia kwamba alitoka kituo cha kazi bila ruhusa siku ya mahojiano, kwamba alichelewesha matokeo ya mitihani, kwamba ameharibu sifa ya taasisi. Wakili anayetetea anapiga kelele kwamba hicho ni kisingizio, na mara nyingi ni kweli. Tatizo ni kwamba wakati mwingine matokeo yalicheleweshwa kweli. Ward Churchill, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, aliandika mwaka 2001 makala ya kuudhi juu ya watu waliouawa New York katika mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11. Makala ilipoibuliwa mwaka 2005 chuo kilikiri kwamba kauli zake zinalindwa na katiba ya Marekani, kisha kikachunguza tafiti zake, wenzake wakakuta udanganyifu wa kitaaluma, akafukuzwa mwaka 2007. Alikishtaki chuo, na mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama, yaani raia walioitwa kuamua kesi, lilisema kwamba kauli zake zilichangia kufukuzwa kwake, likampa fidia ya dola moja. Jaji akakataa kumrudisha kazini, na mahakama ya juu ya jimbo ikakubaliana naye mwaka 2012. Wanafunzi hunitaka niseme nani alikuwa sahihi. Mimi naamini yote mawili yalikuwa kweli: hakuna ambaye angezifukunyua tafiti zile kama asingeandika makala ile, na tafiti zile zilikuwa na kasoro. Sheria ya kazi haikutengenezwa vizuri kwa ajili ya mambo mawili yaliyo kweli kwa pamoja.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Mhadhiri wa chuo binafsi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo haziongezeki kwa sababu alikuwa anaandaa waraka mrefu kuhusu uhuru wa kitaaluma. Wa chuo cha umma, tangu marekebisho ya 2016, anatakiwa kwanza azimalize ngazi zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma. Nimepoteza wateja wenye hoja nzuri kwa sababu walikwenda kwanza kwenye vyombo vya habari, kisha kwa mbunge, halafu kwangu, siku ya 41.

Jambo ambalo sina dawa nalo ni mkataba usiohuishwa. Mteja wangu mmoja, mzee aliyekuwa akifundisha kwa mkataba wa miaka miwilimiwili baada ya kustaafu, alisema jambo kwenye kongamano, hakuandikiwa barua yoyote, hakuitwa kwenye kamati ya nidhamu, na mkataba ulipofika mwisho hakuna aliyemtafuta. Hapakuwa na adhabu ya kukatia rufaa, wala kauli ya mwajiri ya kuipima. Sheria inamruhusu kudai kwamba alikuwa na matarajio halali ya mkataba kuhuishwa, nasi tulijaribu kwa kuonyesha mikataba mitatu iliyotangulia na ratiba ya muhula mpya ambamo jina lake lilikuwa limekwishapangiwa somo. Tuliishia kwenye suluhu ya malipo ya miezi michache. Aliniuliza kama kweli yale aliyoyasema ndiyo yaliyomponza, nikamwambia, "Mwalimu, hilo sitaweza kukuthibitishia." Tangu hapo kila mhadhiri wa mkataba anayekuja kwangu namwambia atunze ratiba zake zote, hata zile ambazo hazijatiwa saini.